Kambi ya Tatu Haina Maji

Oyugis, 6 Oktoba 2024

Mdogo wangu Monari,

Mbuya mono, salamu sana. Sisi huku wazima. Mama anakusalimia, goti lake limetulia, na sasa anakwenda sokoni mwenyewe ili alalamikie bei mwenyewe. Mume wangu Elkana anakusalimia kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa. Mwanao Beverly alipita hapa dukani likizo fupi, akirudi shuleni Asumbi. Amerefuka, anasoma vitabu vyangu kabla sijaviuza, na anabishana na wateja. Usiniulize amerithi kwa nani.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unakata. Mara tatu mwezi uliopita uliniambia "network, dada, network," na nyuma yako nasikia jogoo akiwika vizuri kabisa. Barua haina kitufe cha kukata. Nitaikabidhi kwa dereva wa magazeti anayerudi Migori, nawe ujibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa neno lenyewe. Umeniambia umepata cheti cha kuongoza watu porini. Miaka kumi na saba ukichimba dhahabu chini ya ardhi ya Macalder, na sasa umetoka juani na karatasi yenye muhuri. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kukuonyesha. Nimewaambia wanawake wa kikundi chetu hapa sokoni, na tumekata shauri: tutakuwa wageni wako wa kwanza. Tuko saba. Tunataka njia yako nzima, kutoka Magunga, tupande milima ya Gwasi, tushuke hadi kuta za mawe za Thimlich Ohinga, tumalizie kwako mtoni Kuja. Kwa miguu. Kwa mahema.

Ujue ninapigana na nini. Elkana ameniambia, "Mama watoto, mwanamke wa miaka hamsini na tatu kulala porini, watu watasema nini?" Nikamwambia watu ndio hao hao wanaosema kila siku, tena bure. Mwanamke akipanda mlima na mzigo wa kuni, ni mke mwema. Akipanda mlima uleule kutazama jua likitua, ana kichaa. Nikamwuliza tofauti iko wapi, mlimani au kwenye kuni? Akaenda kusoma Biblia kwa sauti kubwa.

Wengine wanasema kutembea porini ni mambo ya Wazungu. Hawa nao nina hamu ya kuwapiga kwa rula. Babu zetu walifika hapa kwa miguu wakiwa na ng'ombe, watoto na vyungu, na hakuna aliyewaita watalii.

Nitumie mpango: siku, kambi, chakula, kila kitu. Nataka kuupinga nikiwa nimeuona.

Dada yako,
Nyanchoka


Macalder, 27 Oktoba 2024

Dada Nyanchoka,

Salamu nyingi. Mke wangu Metrine na watoto wadogo hawajambo. Mvua imetunyeshea vya kutosha, mahindi yamesimama, na yule mbuzi uliyemwita mwembamba amezaa mapacha ili kukuaibisha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea Metrine, akacheka hadi akaunguza chapati. Sikukata simu. Ilikatika.

Nakukaribisha wewe na wenzako, lakini sikiliza, mong'ina, mama mtu mzima. Mimi ndiye kiongozi. Porini hakuna dada mkubwa. Nikisema simameni, mnasimama, na mjadala tunaufanya tukishafika. Cheti changu kinasema hivyo, na mtihani ulikuwa mgumu kuliko unavyodhani.

Mpango ni huu. Tunaanza Magunga Jumatano, tarehe kumi na mbili Februari, ardhi ikiwa kavu na barabara za kurudia zikipitika. Kambi ya kwanza iko kwenye bega la mlima, penye kisima. Ya pili, Alhamisi, iko kando ya chemchemi msituni. Hapo usiku mtasikia fisi, msijali, nao wanawasikia ninyi. Ijumaa tunashuka hadi kambi ya tatu, juu ya mwamba mpana kama uwanja wa kanisa. Kutoka hapo unaliona ziwa upande mmoja na bonde zima upande wa pili. Hapo ndipo tutakapopumzika Sabato. Najua ninyi wanne ni Wasabato na wenzenu watatu ni Wakatoliki, lakini Mkatoliki naye akitembea siku tatu mfululizo anaiona Sabato kuwa fundisho la kweli. Jumapili Thimlich Ohinga. Jumatatu mchana tunafika Macalder, na Metrine atakuwa amechinja.

Nitakuwa na mwenzangu Nashon, kijana wa hapa Nyatike, ambaye anawajua nyoka kwa majina.

Anzeni mazoezi sasa. Tembeeni na mizigo mgongoni, kilo nane, kila Jumapili. Na tafadhali, haya si makambi ya kanisa. Hakuna lori litakalobeba magodoro. Sitaki kuona kiti cha plastiki, chupa ya chai ya lita tatu wala sare ya kwaya. Kila mtu mfuko wake wa kulalia, kikombe kimoja, nguo mbili. Chakula tutagawana kubeba: unga, omena, njugu, mboga kavu.

Ndugu yako,
Monari


Oyugis, 10 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Tunawasalimu. Mama amesikia habari za fisi, akasema fisi akimwona Nyanchoka atakumbuka ana safari. Wewe na mama yako mmefanana.

Mazoezi yameanza. Nimejaza daftari za mraba kwenye begi la mgongoni hadi kilo nane, nikapima kwenye mizani ya muuza viazi, na kila Jumapili asubuhi tunatembea kuelekea Kabondo na kurudi. Jumapili ya kwanza watu wanne walisimamisha pikipiki kutuuliza kama kuna msiba. Mmoja aliniuliza, "Mama, mnaandamana dhidi ya nani?" Roselyn, huyu mwenzetu anayeuza vitenge, akamjibu, "Dhidi yako, endelea na safari."

Roselyn ni Mkatoliki wa kweli, na anakuambia kwamba kama Wasabato watapumzika siku nzima, yeye anadai nusu saa yake ya Jumapili asubuhi, tena kimya kabisa. Nimemkubalia kwa niaba yako. Kuhusu kutii amri zako porini, nimewauliza wenzangu. Wamesema watatii. Mimi nimesema nitajaribu.

Tumekausha viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba, na mboga ya saga tumeichemsha na kuianika. Ukiitia maji ya moto na njugu zilizosagwa inarudi kama ilivyokuwa shambani. Nimeilalia sakafu ya duka siku mbili ndani ya mfuko wa kulalia. Elkana alikuja asubuhi kuniangalia kama mtu aangaliaye maiti, akaniuliza, "Unaendeleaje?" Nikamwambia nimelala vizuri kuliko kwa miaka mingi. Hiyo haikumpendeza.

Basi nina swali moja, na usinijibu kwa utani. Kambi ya tatu. Umeisifu kwa ziwa na kwa bonde, lakini kambi nyingine umezitaja maji yake na hii hukuyataja. Tutakaa pale kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi, watu tisa. Februari. Juu ya mwamba. Maji yako wapi? Na ulipita pale mwezi gani?

Nyanchoka


Macalder, 8 Desemba 2024

Dada,

Pole kwa kuchelewa. Mwandiko unaouona ni wa Metrine. Nilijigonga kidole na nyundo, naye ananiandikia ninayomwambia. Tuko salama. Beverly amefunga shule, amefika, na ametueleza kila kitu tunachokosea.

Nilipita kambi ya tatu mwezi wa tano. Kulikuwa na kijito chini ya mwamba. Inawezekana Februari kitakuwa kimepungua, lakini usiwatie hofu wenzako kwa jambo dogo. Nusu saa kutoka pale kuna shimo letu la zamani, tulilolichimba na kuliacha miaka minane iliyopita. Sisi tulikuwa tukiliita Ofisi. Limejaa maji safi, baridi, unaona hadi chini. Tumeyanywa maji yale miaka yote tulipokuwa tukifanya kazi pale na hakuna aliyekufa. Tutayachemsha, kwa heshima yenu watu wa mjini.

Niamini kidogo, mong'ina. Kuna kitu kimoja duniani ninachokijua kuliko wewe, nacho ni mashimo.

Monari


Oyugis, 15 Desemba 2024

Monari,

Salamu kwa wote. Mama hajambo. Sina habari nyingine, kwa sababu tangu nisome barua yako sijafikiria kingine.

Umesema mtayachemsha. Mtachemsha nini? Pale kando ya Ofisi ndipo mlipokuwa mkioshea mchanga. Ulinieleza mwenyewe, hapa dukani, umekaa juu ya katoni ya atlasi: mnatia zebaki kwenye karai, mnaikanda kwa mikono na mchanga ili ishike dhahabu, maji machafu mnayamwaga. Mliyamwaga wapi? Mbinguni? Zebaki si mdudu, haifi kwa moto. Ukiichemsha unaipandisha hewani, ukaivuta puani. Maji kuwa safi hadi unaona chini maana yake ni kwamba hata chura amekataa kuishi humo.

Na hiyo hoja ya "tumeyanywa na hakuna aliyekufa" nimeisikia kwa watu wote duniani waliowahi kuwapa wenzao sumu: wenye viwanda, wenye mashamba makubwa, serikali zote. Sikutegemea kuisikia kwa mtoto wa mama yangu. Kiongozi gani anampa mgeni maji ambayo asingempa mbuzi wake aliyezaa mapacha?

Lakini sikuandika ili nikutukane tu. Nimeukalia mpango wako na kalenda, na dawa yake ni rahisi hadi inanikasirisha. Tuanze Alhamisi badala ya Jumatano. Basi. Alhamisi kambi ya kwanza, Ijumaa tunaikuta chemchemi ya kambi ya pili, Sabato tunapumzika kando ya maji kama watu wenye akili. Jumapili, Roselyn akishamaliza nusu saa yake, kila mmoja anajaza lita tano, tunashuka na kulala kambi ya tatu usiku mmoja tu. Jumatatu Thimlich Ohinga. Jumanne Macalder. Hakuna Ofisi, hakuna kiu.

Niandikie neno moja: ndiyo. Metrine anaweza kuliandika.

Nyanchoka


Macalder, 12 Januari 2025

Dada,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Mama, na kwa shemeji Elkana. Huku Krismasi ilikuwa nzuri. Watoto walikula hadi wakanyamaza.

Nilikasirika wiki mbili, kisha nikaenda. Mimi na Nashon tulitembea hadi kambi ya tatu tarehe sita. Kijito kimekauka. Kumebaki mchanga na nyayo za fisi waliokwenda kuhakikisha kama mimi. Basi hapo ulikuwa sahihi, na naliandika mara moja tu, kwa hiyo lihifadhi.

Ofisi nimeifuta. Nilisimama juu ya shimo lile nikatazama chini, na kweli, hakukuwa na chura, wala buibui wa maji, wala jani lililoota pembeni. Miaka yote sikuwahi kulitazama hivyo.

Mpango mpya ni huu: punda wawili wa jirani yangu watapeleka mitungi sita kambi ya tatu Ijumaa kabla jua halijatua, ili kazi isiingie Sabato. Tunaanza Jumatano kama nilivyosema. Alhamisi haiwezekani, kwa sababu Jumanne siwezi kuwa njiani. Nina shughuli Jumanne. Usiniulize shughuli gani, ni mambo ya hapa.

Endeleeni na mazoezi, ongezeni mzigo ufike kilo kumi.

Monari

Dada, ni mimi Metrine. Ametoka nje. Hakujigonga kidole. M.


Oyugis, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Monari,

Mama amelala, duka limefungwa, na Elkana yuko kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Kwa hiyo nitakuandikia polepole.

Usimgombeze Metrine. Ameandika mstari mmoja, mengine yote nimeyapata mwenyewe. Jumanne ni siku ya kuchoma. Ulinieleza sheria yenu mwaka ule ulipokuwa na malaria ukainuka kitandani kwenda shimoni: siku nyingine mtu anaweza kumtuma mwenzake amchimbie, lakini Jumanne dhahabu inapochomwa kila mwanachama wa shimo lazima asimame pale aione kwa macho yake, ili asije baadaye akasema ameibiwa. Asiyekuwepo amejitoa mwenyewe, na nafasi yake inapewa mwingine. Hakuna ruhusa, hakuna msiba, hakuna ugonjwa. Na wewe ndiye mwenye kushika karai juu ya moto, kwa sababu mkono wako ndio uliokuwa mtulivu kuliko yote.

Kwa hiyo hujatoka. Una cheti ukutani na bado unavuta moshi ule wa zebaki kila Jumanne. Na sasa mkono huo hauwezi kuandika barua kwa dada yako.

Mimi ni mtu wa kelele, unajua. Nilikuwa nimeandaa kurasa nne za kelele. Nimezichana, kwa sababu kuna jambo ambalo sijawahi kulisema, na haki haitakuwepo nikikulazimisha wewe useme lako nikiwa nimeficha langu.

Ni mimi niliyekupeleka Macalder. Wewe unadhani lilikuwa wazo la Baba. Baba alitaka ubaki dukani nami. Mimi ndiye niliyeenda kwa mteja mmoja aliyekuwa akinunua daftari za hesabu za mgodi, nikamwuliza kama wanahitaji kijana mwenye nguvu. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nilitaka duka liwe langu peke yangu, na nilijiambia nakutafutia maisha. Miaka kumi na saba nimeandika magazetini kuhusu kila dhuluma katika nchi hii, na hiyo moja nimeiruka.

Nilipowatangazia watu wote wa soko kwamba ndugu yangu ametoka shimoni, nilikuwa najitangazia mwenyewe.

Sasa basi. Punda wako ni wazuri, lakini hatutakuja Jumatano. Tutakuwa Magunga Alhamisi tarehe kumi na tatu saa moja asubuhi, wanawake saba wenye mizigo ya kilo kumi. Ukiwepo, tutakufuata. Usipokuwepo, tutarudi nyumbani na sitakuandikia lawama hata mstari mmoja. Jumanne ni yako. Uamuzi sitauchukua mara ya pili.

Dada yako,
Nyanchoka


Macalder, 2 Februari 2025

Dada,

Ninaandika mwenyewe. Herufi zinacheza, wewe zivumilie, nami nitafupisha.

Mkono ulianza mwaka juzi. Kwanza chai ilimwagika, kisha vifungo vya shati vikanishinda. Shimoni hatuzungumzi hayo. Oyaro, kiongozi wa shimo letu, anatembea na mkono mfukoni tangu zamani, na sote tunajifanya ni tabia yake. Nilienda hospitali wiki iliyopita. Daktari alinisikiliza, akauliza kazi yangu, kisha akauliza naacha lini. Hakuuliza kama nitaacha.

Cheti nilikipata mwezi wa nane. Tangu hapo kila wiki nilisema Jumanne hii ndiyo ya mwisho. Kiongozi ambaye hana mgeni hata mmoja si kiongozi, ni mtu mwenye karatasi. Niliogopa kuachia tawi moja kabla sijashika jingine, nawe nilijua hutanielewa, kwa hiyo sikukuambia.

Kuhusu Macalder na Baba: nilijua. Yule mnunuzi wa daftari aliniambia siku ya kwanza, "Dada yako amekusifu." Nilikasirika mwaka mmoja hivi. Kisha nilimpata Metrine hapa, na hasira ikakosa pa kukaa. Usiibebe hatia hiyo mlimani, kilo kumi zinatosha.

Nimemwambia Oyaro. Akasema, "Monari, utakuwa mchunga wanawake?" Nikamwambia wanawake hawa wakikusikia utahama kata. Akasema sheria ni sheria, lakini kwa sababu ya miaka yetu, karai litasubiri. Tarehe kumi na nane hawatawasha moto hadi jua likaribie kutua. Nikiwepo, nafasi ni yangu. Nisipokuwepo, kuna mtu kutoka Kehancha anaitaka.

Magunga, Alhamisi, saa moja. Msichelewe, kiongozi hapendi.

Kwenye mteremko wa kushukia kambi ya tatu Nashon ndiye atakayeshika kamba. Nitawaambia wageni wote kwa nini, asubuhi ya kwanza, kabla hatujainua mizigo. Njia ninaijua. Mkono tu ndio wa kusaidiwa.

Monari


Oyugis, 23 Februari 2025

Mdogo wangu Monari, kiongozi,

Mbuya mono. Tumefika salama, miguu imevimba na vichwa pia. Mama ameniambia nimekonda, kwa sauti ya sifa. Roselyn ameuza vitenge vyote kwa kusimulia habari za fisi. Katika simulizi yake sasa wamekuwa tisa, na mmoja alimwita kwa jina. Elkana amewaambia wazee wenzake kwamba mkewe alishika Sabato juu ya mlima kama manabii. Nimemwacha aseme. Mwezi wa kumi ilikuwa kichaa.

Njia yako ni nzuri. Nilikuja na mabishano ya kutosha siku sita, na nililazimika kuyarudisha mengi bila kuyafungua. Pale Thimlich Ohinga, uliposema watu waliopanga kuta zile bila saruji walichagua kila jiwe likalie wenzake, nilitaka kuongeza hotuba kuhusu vitabu vya shule visivyozitaja. Ukaniangalia. Nikanywa maji.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya Jumanne, maana wewe ulikuwa mbele nami nilikuwa mwisho wa mstari, na kuna jambo hukuliona.

Tulipokaribia Kuja jua lilikuwa limeinama. Nilimwona mtu amesimama kando ya njia, mkono mfukoni. Nilimjua kabla hujamwita jina. Wewe ulimpungia, ukamwita, "Oyaro, habari ya jioni!" na hukusimama. Ulikuwa unamwambia Roselyn aweke mguu wapi kwenye mawe ya mto. Nilihesabu hatua zako. Nilikuwa na hofu, nakubali, ingawa mtu yeyote akiniuliza nitakataa. Ulifika ng'ambo, ukageuka, ukatuhesabu: mmoja, wawili, hadi saba. Hukutazama kule juu kwenye mashimo hata mara moja.

Oyaro alitembea kando yangu hadi ukingoni. Akaniuliza, "Wewe ndiye dada mwenye maneno?"

Nikasema, "Ndimi."

"Karai liko tayari kule. Wananingoja niseme yupo au hayupo."

"Na utasema nini?"

Akawatazama wenzangu waliokuwa wanavua viatu na kucheka, na wewe ukiwagawia njugu za mwisho. Kisha akatoa mkono mfukoni. Unatikisika kuliko wako, Monari. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia ya choo katika nyumba ya wageni, "Huo mtihani wa cheti chake, ni wa kuandika au wa kusema?"

Sikujua. Nilimwambia nitauliza.

Nijibu upesi.

Nyanchoka


Macalder, 2 Machi 2025

Dada,

Ni wa kutembea. Nashon na mimi tunakwenda kumchukua Oyaro kesho asubuhi.

Monari